Plaki Iliyokataa Kupinda

Soko la Perth lilikuwa limechafuka. Sarafu bandia zilizagaa kila kibanda, na Elspet, muuza mikate ya shayiri, zilimtia hasara kuliko wote. Ndiye aliyemnyooshea kidole Koppin, mchuuzi wa sindano kutoka ng'ambo. "Huyu mgeni ndiye mwizi wetu!" alipiga kelele, akamtemea mate. Koppin akakamatwa, akahukumiwa kunyongwa. Usiku huo Elspet alilala usingizi wa pono.

Siku ya Koppin kunyongwa, asubuhi, ng'ombe wa pekee wa Elspet alivimba tumbo kama ngoma, akaanguka zizini. Jirani yake Gelis akaja mbio.

"Kulia hakusaidii, shoga. Mpindie Mtakatifu Niniani plaki, umwahidi utampelekea kanisani kwake. Ng'ombe wa dada yangu alisimama papo hapo, tena akanipiga teke!"

Plaki ni sarafu ya mfalme, fedha kidogo na shaba nyingi, iliyogongwa kwa nyundo ikawa nyembamba hata kidole gumba huipinda. Elspet hakuwa nayo. Aliingia ndani, akatia mkono katika mkoba wa mumewe Wattie, mfua sufuria za shaba, akatoka na moja inayong'aa.

"Wee! Siyo hiyo! Irudishe!" Wattie alimkimbilia.

"Ubahili gani huu, na ng'ombe anakufa?"

Akaishika juu ya pembe za mnyama, akalitaja jina la mtakatifu, akaipinda. Ta! Ikavunjika vipande viwili.

Gelis alipiga ishara ya msalaba. "Plaki ya mfalme hupinda, Elspet. Haivunjiki."

Elspet aliviokota vipande. Ndani yake kulikuwa na bati tupu. Alimtazama Wattie, akauona uso wake umesawijika, na hakuhitaji kuuliza. Mwaka mzima alisikia nyundo ya mumewe akidhani anafua sufuria.

"Nyamaza, mke wangu," Wattie alinong'ona. "Yule mgeni tu. Hana hata wa kumlilia."

"Nilimtemea mate, Wattie! Mimi!"

"Ukisema, shingo ni yangu."

Kengele ya kanisa ikaanza kulia, kuita watu kwenye kunyongwa. Elspet alitoka mbio, amefumbata vile vipande, analia kama mfiwa. Ng'ombe hakuna aliyemkumbuka tena. Alifika uwanjani Koppin amekwisha kuvishwa kitanzi, akajitupa mbele ya hakimu na kufungua kiganja.

"Za nani hizi?" hakimu aliuliza.

 Elspet alimtazama Koppin, kisha hakimu.

"Za mume wangu."

 Koppin alifunguliwa. Askari wakashika njia ya nyumbani kwa Elspet, naye akawafuata kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mwizi aliyesakwa na mji mzima alikuwa akilala naye kitanda kimoja. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.