Mzigo Mwepesi wa Sungura

Zamani, lakini si zamani sana kwa sababu baiskeli zilikuwa zimekwisha kufika porini, ulitokea ukame uliomaliza kila kitu. Wanyama walikula akiba, wakala mbegu, kisha wakakaa wakitazamana. Habari zikaja kwamba Tembo, aliyeishi ng'ambo ya milima, mwendo wa siku kadhaa kwa baiskeli, bado ana ghala la mtama na yuko tayari kugawa.

Simba akaitisha mkutano. Alianza kwa kujisifu, akaendelea kwa kujisifu, na mwishoni akatoa amri. Wasafiri wafunge mzigo mdogo, maana wakati wa kurudi kila baiskeli itabeba gunia la mtama. Kila mmoja abebe vitu vyake mwenyewe, na atakayembebesha mwenzake atanyang'anywa mbegu. Atakayerudi wa kwanza na gunia lililojaa ndiye atakayechagua shamba kabla ya wengine wote, ila Simba mwenyewe hahesabiwi, kwa kuwa mfalme halimi.

Kobe aliposikia hayo moyo ulimwenda mbio. Shamba la kando ya chemchemi ndilo pekee lililobaki na unyevu, na yeye alikuwa akililima tangu ujana wake. Miguu yake haikuwa ya kupandisha maji vilimani. Akilikosa shamba lile hakuwa na pengine pa kulima, na Sungura alikuwa akilitazama shamba hilohilo kama mtu anayetazama sahani ya jirani.

Asubuhi ya safari Simba alikagua mizigo ya wasafiri wenzake watatu, wanyama wengine wakitazama. Yeye mwenyewe alibeba kioo cha kutazamia manyoya yake, na hakuna aliyeuliza kioo kitasaidia nini milimani. Fisi alikuwa na gunia la mifupa kwenye keria. Ili lienee, alikuwa ameacha nyumbani pampu yake, blanketi lake na breki ya nyuma. Kobe alikuwa na pampu, solusheni, vipande vya mpira vya kuzibia pancha na kibuyu cha maji. Simba alimuuliza kama hiyo nyumba ya mgongoni hawezi kuiacha. Kobe akajibu kwamba aliwahi kujaribu, haitoki.

Sungura alikuja akiwa na mswaki mmoja, ameuchomeka nyuma ya sikio.

"Mheshimiwa, mzigo wangu ndio huu," alisema.

"Na pampu?" Kobe akauliza.

"Mzee Kobe, pampu ni mzigo. Anayejua kuendesha baiskeli hapati pancha."

Simba alifurahi sana. Aliwaambia wote wamwangalie Sungura na wajifunze, akarudia mara nyingine kwa waliokuwa nyuma. Kobe aliitazama pampu yake kwa aibu kidogo, lakini hakuitoa.

Ukweli ni kwamba Sungura alipenda raha kuliko mnyama yeyote katika pori lile. Alfajiri hiyo, kabla ya ukaguzi, Fisi alipokwenda kunusa mlango wa jiko la Simba, Sungura alikuwa amelifungua gunia la Fisi akapanga vitu vyake mwenyewe chini kabisa, halafu akairudisha mifupa juu. Aliweka blanketi la buluu, mto, sufuria na mfuniko wake, pampu, na kofia ya kulalia aliyoshonewa na mama yake. Alikusudia kuvichukua kimyakimya kila jioni, na kuvirudisha kila asubuhi.

Fisi alipolinyanyua gunia alihisi limekuwa zito. Mtu mwingine angelifungua. Fisi alifikiri kwamba kuna mtu amekosea akatia nyama yake humo, na akilifungua gunia mbele ya wenzake itabidi wagawane. Akakaza kamba, akapanda baiskeli, akanyamaza. Kwenye vilima alihema kwa sauti, lakini machoni alionekana mwenye furaha.

Jioni walipiga kambi kwenye baridi. Sungura alisubiri Fisi aondoke kwenye gunia lake. Fisi hakuondoka. Alilikumbatia kwa mikono yote, akaweka kidevu juu yake, akawa anatabasamu huku amefumba macho. Sungura alikaa pembeni akitetemeka mpaka mswaki ukaanguka kutoka sikioni. Simba alipomuuliza kama anasikia baridi, alijibu kwamba anapenda hewa safi. Simba akamsifu tena, na sifa hazikumpa joto lolote. Ikawa hivyo kila kambi.

Kwa Tembo walipokewa vizuri, kila mmoja akapewa gunia la mtama. Keria ya Fisi haikuwa na nafasi. Tembo alimshauri apunguze mzigo, Fisi akasema hana cha kupunguza. Akachukua mtama wa kujaza kifuko kimoja tu, akakitundika kwenye usukani.

Kurudi, kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake. Sungura alitangulia. Alikuwa amekonda kwa baridi na kukosa usingizi, lakini shamba la chemchemi alikuwa akiliona mbele yake, na lilimpa nguvu. Alikuwa anashuka mteremko wa mwisho wenye miiba alipoisikia tairi ya mbele ikitoa pumzi. Alishuka, akaitazama. Kwa uzito wa gunia lile, kupanda hakuwezekani. Kilichobaki ni kusukuma.

Baadaye wakatokea Simba na Fisi. Fisi alikuwa akimfuata Simba popote, kwa matumaini ya mabaki.

"Ndugu yangu Fisi," Sungura alisema, "niazime pampu."

"Sina pampu. Niliiacha nyumbani."

"Hebu angalia kwenye gunia. Chini ya mifupa, ndani ya blanketi la buluu."

Fisi akamtazama. Simba naye akamtazama.

"Umejuaje?" Simba akauliza.

Sungura, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa jibu, alisema amekisia tu.

Fisi akamwaga gunia barabarani. Alitafuta nyama mara mbili, mpaka ndani ya mto, na alipohakikisha haipo machozi yalimlengalenga. Alikuwa amesukuma sufuria ya mtu milima yote ile. Hata hivyo, Fisi hajawahi kurudisha kitu kilichokwisha kuingia mikononi mwake.

Simba aliiokota kofia ya kulalia. Ilikuwa na mifuko miwili mirefu ya masikio, imesimama kila mmoja upande wake.

"Fisi, hii ni yako?"

Fisi akaivaa. Mifuko ile ikaanguka ikamfunika macho.

"Ni yangu," alisema. "Nilichukua kubwa kwa sababu bado nakua."

Simba akamgeukia Sungura. "Na wewe? Kuna chako hapa?"

Sungura alilitazama blanketi lake, akaitazama kofia ya mama yake, akalitazama gunia la mtama ambalo angenyang'anywa papo hapo.

"Hakuna, Mheshimiwa. Mimi nina mswaki tu."

Simba alikuwa amekwisha kuelewa. Lakini yeye ndiye aliyemsifu Sungura mbele ya wote, na Simba hapendi kuonekana amekosea. Akatamka kwamba vitu vyote ni vya Fisi, akajitazama kwenye kioo, akaondoka. Fisi alikubali kumwazima Sungura pampu kwa malipo ya gunia zima la mtama. Sungura akakataa, Fisi akafungasha akaenda zake, kofia ingali kichwani.

Sungura alikuwa bado anasukuma Kobe alipomfikia, akinyonga taratibu, kiti amekishusha mpaka mwisho.

"Mzee Kobe, shikamoo. Naona unayo pampu."

"Marahaba. Ninayo, na solusheni pia."

"Basi nisaidie, mzee wangu."

Kobe alifikiri sana, kama kawaida yake, bila kusimamisha baiskeli.

"Mwanangu, ulisema pampu ni mzigo. Nami sipendi kukulemea."

Akampita.

Kobe alichagua shamba la chemchemi, na wanaosimulia wanasema alilia aliposhika udongo wake. Fisi aliutafuna mtama wake njiani, hakupanda kitu. Sungura alifika wa mwisho, yamebaki mawe ya mlimani, akapewa hayo. Kila siku anapandisha maji kwa miguu, na njia yake inapita nyumbani kwa Fisi, ambako blanketi la buluu limeanikwa uani. Roho inamuuma kila akiliona. Fisi hutoka na kofia yake kumsalimia kwa heshima, akamuuliza kama kule juu hewa ni safi.

Sungura hujibu kwamba ni safi.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyeipenda aichukue, mradi aifunge kwenye keria yake mwenyewe.