Kidawa na Tumbo la Mbele

Paukwa!
Pakawa!

Fumbeni macho, wadogo kwa wakubwa. Mnauona ule mti wenye tundu, na tundu lina mdomo wa nta, mwembamba kama mrija? Ndimo walimokaa, hapo kale, nyuki wadogo wasiouma.

Mmoja wao aliitwa Kidawa. Mwiba hana, lakini maneno anayo! Alikuwa na matumbo mawili, kama wenzake. La mbele ni la kubebea maji matamu ya maua, ya nyumba nzima. La nyuma ni lake mwenyewe. Katikati pana kilango chenye midomo minne. Kinachopita hapo hakirudi.

Siku hiyo wingu lilitanda. Nyumbani kilibaki chungu kimoja cha nta, cha chakula cha mtoto. Kisipojaa, Malkia hatagi.

Kidawa akajaza tumbo la mbele, ndi! Akaruka, vuu! Akamkuta Mjusi.

"Shoga, tumbo hilo!"

"Chakula cha mtoto, mwenzangu. Bila mimi, kwetu hakuna kitu!"

Kujisifu kunachosha. Akafungua kilango. Tone moja tu likapita nyuma, twi!

Akamkuta Konokono. Akajisifu. Twi! Akamkuta Kipepeo. Akajisifu. Twi! Twi! Twi!

Akafika, tumbo bado tele. Nyuki wamepanga foleni. Kila mmoja anainama chunguni, anatapika chake, anaondoka. Zamu ya Kidawa. Akainama. Kwe! Kavu. Kwe! Kwe! Kwikwi tupu.

"Binti yangu," akauliza Malkia, "limejaa tumbo lipi?"

Kidawa akajitazama. "La kwangu, mama. La mtoto halina kitu. Mimi ni mpishi niliyeonja mpaka sufuria ikakauka. Na njia nzima naringa!"

Wenzake wakacheka. Naye akacheka, machozi yakimtoka. Radi ikalia, guu!

"Naenda tena."

"Na mvua hii, dada?"

"Nguvu ninazo. Si nimekula cha watu!"

Mjusi akaita, "Shoga, mbona mbio?" Kidawa kimya. Amefunga midomo yote mitano.

Akarudi amelowa, anaruka upande upande. Akainama chunguni. Glu! Kikajaa. Malkia akataga. Wakafunika kwa nta, na mvua ikazidi, shaaa!

Ulichopewa umpelekee mwenzio si chako, hata kikiwa tumboni mwako. Hadithi yangu imetua hapo. Nawaomba, wanangu, mkumbuke jambo moja tu: ukikosea, sema mapema, wakati njia ya kurudi bado ipo.