Miiba Njiani kwa Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, na mwenye mtoto ampakate, maana hadithi hii hata mimi naiogopa.

Hapo zamani za kale vijiji vitatu vilipakana: cha Pimbi, cha Nungunungu na cha Kanga. Vyote vilichota maji kwenye bwawa moja, na bwawani aliishi Mamba. Kila walipoinama kuchota, walisikia sauti yake:

"Njooni mnywe, maji ni mengi."

Wakachota upesi, wakakimbia.

Ng'ambo ya msitu aliishi Tembo, mchimba visima. Wakamwendea, kila mmoja kivyake. Tembo akawajibu, "Nitakuja. Ila mwili wangu mnauona. Nifyekeeni njia."

Basi kila kijiji kikafyeka njia yake, ili kisima kiwe mlangoni pake. Kisha, wajinga hao, kila kijiji kikaenda kuziba njia za wenzake kwa miiba!

Tembo akaja. Njia ya kwa Pimbi, miiba. Ya kwa Nungunungu, miiba. Ya kwa Kanga, miiba. Akarudi kwake akichechemea.

Mtoto wa Pimbi akaenda bwawani.

"Njooni mnywe, maji ni mengi."

Hakurudi. Majirani wakasema, "Pole, ndugu yetu," wakaongeza miiba.

Mtoto wa Nungunungu akaenda.

"Njooni mnywe, maji ni mengi."

Hakurudi. Wakasema, "Pole," wakaongeza miiba. Jamani, roho gani hiyo!

Kanga alibaki na kifaranga mmoja, Kidoti. Mtungi ukakauka.

"Mama, nitanyata," Kidoti akasema.

"Thubutu! Nitakwenda mwenyewe."

Alipogeuka kuchukua kibuyu, Kidoti hayupo. Akasikia kwa mbali:

"Njooni mnywe, maji ni mengi."

Kisha kimya.

Kanga akaenda moja kwa moja hadi njia ya Pimbi, akaanza kung'oa miiba, miguu ikivuja damu.

"Mama Kidoti, unafanya nini?" Pimbi akauliza.

"Naitoa niliyoiweka mimi. Nawe katoe yako."

Pimbi akainama, akang'oa. Nungunungu naye akaja. Wakafyeka njia moja pana hadi katikati ya vijiji, wakaenda wote watatu kumwita Tembo. Akapita, akachimba, maji yakatoka.

Funzo ni hili: mkitaka huduma ije kwenu, iombeni pamoja. Ukimzibia jirani, umemzibia na mwanao.

Kanga alikunywa wa kwanza. Akainua kichwa, akatazama njia ya bwawani. Hadi leo, kila anywapo funda moja huinua kichwa, huenda Kidoti anakuja.

Hadithi yangu naiacha kisimani. Kunyweni hapo, bwawani msiende.