Somo wa Binti wa Nakijwa

Haya, sogeeni, na anayesinzia akanawe uso, maana nitauliza.

Zahanati moja ya milimani Upare ilikuwa na mafundi mitambo watatu, wanawake watupu. Hadiya alikuwa na jicho la kuona kilichosogea. Salha alijua nani anamfuata nani. Namsifu alikuwa bahili wa maneno. Salamu yake ilikuwa kuinua nyusi.

Akafika mama mmoja, Nakijwa, na binti wa siku tatu, mkono wa mtoto unatetemeka. Alikwisha kuzika wawili. Huyu hakuthubutu hata kumpa jina. Daktari bingwa yuko mjini, na mtandao wa kule, jamani, ni wa kuombea dua. Wakatuma video, picha nzima nzima. Zikakwama, ikafika moja tu, imetulia tuli. Daktari akasema shuka ameliona, zuri kweli, ila mtetemo hajauona.

Hadiya akaikata picha vipande vidogo vidogo. Ukuta hausogei, wa nini kuutuma kila mara? Akatuma habari za vilivyohama tu, kila kimoja kimekwenda wapi na kiasi gani. Mzigo ukapungua, lakini haukupita.

Salha akacheka. Vipande vya mkono mmoja huhama pamoja, kwa nini kila kimoja kijieleze? Akaandika kwamba hiki kimfuate jirani yake, na palipo na tofauti, itumwe tofauti peke yake. Bado kidogo.

Namsifu akazipa hatua ndogo za vipande hivyo, ambazo ndizo nyingi, alama fupi. Hatua kubwa, za nadra, akaziachia alama ndefu. Video ikapita.

Daktari akatazama mara mbili. "Mama, ukimshika mkono unatulia. Hiyo si degedege, naona sukari imeshuka. Muuguzi ampime na aanze tiba sasa hivi."

Mtoto akapona. Siku ya kumpa jina, Nakijwa alilia kwa shukrani. Alitaka aliyemwokoa binti awe somo wake, waitwe jina moja. Hadiya akasema sifa ni za Salha, bila yeye mzigo ungekwama. Salha akamwelekeza kwa Namsifu. Namsifu akafungua kinywa hatimaye: "Mimi nilifupisha tu alichokiona Hadiya."

Nakijwa akamkumbatia binti. "Nyote nawashukuru sawasawa. Lakini mtoto ni mmoja, na jina ni moja."

Wageni wamekaa, wanasubiri, na mtoto naye macho kodo. Je, ungekuwa wewe Nakijwa, binti huyu ungemwita nani?