Moto Mbele ya Nyumba ya Kalunde

Mama mmoja alikuwa na nyumba, na nyumba ile ilikuwa inakufa. Mama huyo jina lake Kalunde. Aliachiwa na baba yake, yeye na kaka yake Mrisho, katika mji wa bara ambako zamani misafara ya pwani ilipumzika. Kuta zilikuwa za udongo, nene, mtu angeweza kulala dirishani asianguke. Paa lilikuwa bapa, la boriti na udongo. Mlango wa nakshi ulitoka pwani mabegani mwa wapagazi, na wajukuu wa wapagazi hao ndio wanaoujaza mtaa ule mpaka leo. Na mbele ya nyumba palikuwa na baraza ndefu. Hiyo baraza ishikeni, ndugu zangu, kwa sababu habari yote iko hapo.

Watu wa mtaa ule wanaishi chumba kimoja kimoja. Mtu akifiwa, waombolezaji atawaweka wapi? Kwa hiyo, tangu enzi za babu yake Kalunde, msiba wa mtu yeyote ulikaliwa pale. Majamvi yalitandikwa barazani, magogo yakawashwa mbele ya nyumba, na mwenye nyumba hakuuliza dini ya marehemu wala kabila lake. Ukiuona moshi pale hukungoja kuitwa. Ulifunga duka, ukachukua ulichonacho, ukaenda. Baba alipokuwa anakata roho aliwaachia wanawe neno moja tu, kwamba baraza ile asinyimwe mtu.

Basi paa likaanza kuvuja, na ukuta wa nyuma ukainama. Wakubwa wa mji wakaja, wakatazama, wakasema mvua zikiikuta nyumba katika hali ile itabomolewa, isije ikaua watu. Hawakusema vibaya. Lakini Kalunde alikuwa muuza maandazi, na maandazi yanalisha watoto tu, hayanunui boriti.

Mrisho si mtu mbaya. Nawaambia mapema msije mkamchukia bure. Alitafuta dawa, akampata mfanyabiashara aliyeutaka mlango ule aupeleke kwenye hoteli ya mbali, na kwa bei ya mlango nyumba nzima ingeezekwa bati. Kwa Mrisho hiyo ilikuwa akili. Kwa Kalunde, kaka yake alikuwa anauza uso ili atibu mguu. Wakabishana mpaka ugali ukapoa mezani. Mwisho Mrisho akalegea kidogo, akamwambia dada yake atafute kwingine, ila akishindwa, lori litakuja kabla ya mvua.

Kalunde akafanya kama tunavyofanya sote, akaitisha harambee. Kadi zikachapwa. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, spika zikaletwa, na mgeni rasmi akatafutwa, maana bila mgeni rasmi sisi hatujui kutoa. Mgeni rasmi alichelewa. Alipofika alihutubia sana, akaahidi makubwa, akapigiwa makofi, akala pilau, akaenda zake. Wengine nao wakaahidi, kwa kuwa kuahidi hakutoboi mfuko. Watu wa mtaa wenyewe walisimama mbali wakitazama, wakidhani ile ni shughuli ya wenye viti vya mbele. Turubai lilipolipiwa, na viti, na mchele, kilichobaki hakikutosha hata boriti moja. Zile ahadi nadhani bado ziko njiani.

Kalunde alilia. Msidhani wanawake wa namna yake hawalii. Lakini wakati huohuo fundi viatu wa mtaa akafariki, na desturi ni desturi, msiba ukakaliwa barazani kwake, chini ya paa lilelile linalovuja. Kalunde alipika, akateka maji, na huku akitazama. Aliwaona watu waliomwambia hawana kitu wakija na unga, na kuni, na rambirambi iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Walitoa bila kuhutubiwa. Hakuna aliyeuliza mgeni rasmi ni nani. Na Kalunde alikumbuka kwamba fundi yule aliumwa muda mrefu, na kwamba mama yake, Bi Sizya, alipita mlango kwa mlango akiomba ya dawa, akarudi na pole. 

Matanga yakaondolewa, watu wakarudi makwao. Kesho yake asubuhi Kalunde akatandika tena majamvi barazani. Akaburuta magogo, akayawasha mbele ya nyumba, akajifunga kitambaa kichwani kama mfiwa, akaketi chini.

Moshi ukapanda, na mtaa ukafanya kazi yake. Mwenye duka akafunga. Wanawake wakaacha vyungu jikoni wakaja na unga kwenye sinia. Wanaume wakaja na kuni mabegani. Mrisho naye akaja mbio, akidhani ni mtoto wa dada yake. Wote wakauliza amekufa nani. Kalunde akainua uso, akasema, "Hajafa bado. Nyumba hii ndiyo inayokata roho, nami nimewaita mapema, kwa sababu sisi mgonjwa humpa pole na maiti ndiyo tunayoichangia."

Watu wakakasirika, na walikuwa na haki. Msiba hauchezewi. Wengine walikwisha geuka kuondoka, na wakasema mama huyu amekosa adabu, tena mbele ya Bi Sizya ambaye kaburi la mwanawe halijakauka. Ndipo wote wakamtazama Bi Sizya, maana kama kulikuwa na mtu wa kuumia kwa maneno yale, ni yeye.  Alivua ndala, akapanda barazani, akaketi jamvini karibu na Kalunde. Kisha akafungua pindo la khanga yake, akaitoa rambirambi iliyobaki ya mwanawe, akaiweka katikati ya jamvi.

Hapo hakuna aliyeondoka. Waliokuwa wamegeuka wakageuka tena.

Na kwa kuwa msiba hauachwi katikati, moto ule haukuzimwa. Wanawake walipeana zamu ya kupika. Wanaume walikwenda porini kukata miti ya paa, wengine wakachimba udongo, wakaumwagia maji na majani makavu, wakaukanyaga kwa miguu wakiimba nyimbo za wapagazi ambazo vijana walidhani zimesahaulika. Mwenye duka alileta misumari. Asiye na kitu alileta mgongo. Wajukuu wa waliobeba mlango walishikilia kizingiti mabegani huku ukuta wa mbele nao ukijengwa upya, mlango ukabaki pale ulipowekwa. Mimi nampenda Kalunde, siwafichi, lakini mtaa ule naupenda zaidi, kwa sababu ni vigumu kuambiwa ukweli na bado ukashika jembe.

Lori la mfanyabiashara lilikuja siku waliyokuwa wakipandisha udongo juu. Mrisho akamwendea mwenye lori barabarani. Wakazungumza mbali, hatukusikia. Tulichoona ni lori likigeuza, na Mrisho akirudi, akakunja suruali, akaingia matopeni pamoja na wenzake. Dada yake alimpisha nafasi.

Mvua ya kwanza ilikuwa kubwa. Mtaa mzima ulikusanyika barazani, majamvi yalitandikwa, na safari hiyo hapakuwa na marehemu. Waliketi wakitazama juu, kila mtu akiangalia ule udongo aliokanyaga yeye, wakingoja tone lianguke. Halikuanguka. Bi Sizya peke yake hakutazama paa. Alikuwa ameinamisha kichwa, na walio karibu walijua anamkumbuka nani, wakasogea wakamgusa bega.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaye mgonjwa wenu, na mnamjua jina. Je, mnangoja mpaka mwone moshi?