Nani Aitwe Mtawala wa Mkekani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kubandika chai asubuhi, Bi Pimbi alikuwa na pango kavu katikati ya majabali. Aliishi humo na watoto wake. Masika yalipoanza, chwaa, chwaa, majirani walikuja kwake kucheza.

Mchezo wao haukuwa wa mbio wala wa nguvu. Walikaa mkekani, kila mmoja akajifanya mtu mwingine. Kanga, anayeogopa hata kivuli chake, alikuwa shujaa mwenye mkuki. Fisi alikuwa mganga. Bi Pimbi yeye aliwaeleza wanachokiona njiani, nao wakamwambia wanafanya nini. Penye shaka wakarusha dadu la mfupa. Na wakikutana na mtu, awe jambazi au bibi kizee, Bi Pimbi ndiye aliyekuwa sauti yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria: mtu asiye na mchezaji wa kumwigiza husemewa na anayeendesha mchezo.

Siku moja Fisi aliuliza kazi hiyo inaitwaje. Kanga alisema aitwe Msimulizi. Bi Pimbi akakataa, kwa kuwa nusu ya hadithi waliileta wao. Kobe alisema aitwe Mwamuzi. Bi Pimbi akasema yeye huamua pale tu wanapogombana.

"Basi aitwe Mtawala," alisema Fisi. "Si ndiye anayeleta mvua na kufunga njia?"

Bwana Nyati alikuwa amejibanza mlangoni, akitazama. Alipolisikia neno lile alisimama, puu, kichwa kikagonga mwamba.

"Mtawala? Huyu? Mimi nimwite pimbi Mtawala?"

Bi Pimbi alimwambia kwamba jina lile hakuliomba. Nyati hakumsikia. Alisema kama kazi ni ya mtawala, basi ni yake, na kama ni yake, basi na pango ni lake, maana mtawala hakai kwa watu. Alikanyaga mkeka kwa kwato zenye matope, akaketi. Bi Pimbi na watoto wakasukumwa hadi nje, chini ya ukingo wa jabali, mahali ambapo mvua hupiga ubavuni.

Sisemi Nyati alikuwa mwovu. Alikuwa mkubwa tu, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Hata siku ile hakuna aliyemwambia. Kila mmoja alizitazama pembe zake, akameza maneno yake.

Bi Pimbi alichemka kwa hasira. Pango lile alilichimbua mwenyewe, akalisugua, akazalia humo. Lakini pimbi hampigi nyati. Alikaa kwenye ukingo akawafunika watoto, akasikiliza mchezo ukiendeshwa ndani.

"Mko msituni," Nyati alisema. "Kuna chui. Amewala. Mchezo umekwisha."

Wakaanza tena. Wakaliwa tena. Bi Pimbi alimsikiliza kwa makini, akagundua jambo. Walipomuuliza Nyati mto una rangi gani, alitazama chungu mbele yake akasema mweusi. Walipomuuliza jambazi amevaa nini, alimtazama Fisi akasema madoadoa. Hakuwa na la kubuni. Alisema lililokuwa mbele ya macho yake.

Basi Bi Pimbi akawapanga watoto mlangoni, wakiwa wamelowa chepechepe, akapiga goti.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Naomba na mimi nicheze. Niwe askari tu."

Nyati alifurahi kuombwa. Akamruhusu.

"Natembea kijijini," alisema Bi Pimbi. "Nasikia mtu analia kando ya njia. Ni nani?"

Nyati alitafuta jibu. Macho yake yakaenda mlangoni. "Ni mama. Ana watoto wadogo."

"Namuuliza, mama, mbona mmelowa hivi?"

"Nimefukuzwa nyumbani kwangu," alijibu Nyati kwa sauti nyembamba ya kike, na Kobe akacheka. Nyati akapenda kucheka kule. Ilikuwa mara ya kwanza mkeka mzima kumsikiliza.

"Nani kakufukuza?"

"Mtu mkubwa. Ana nguvu. Ameingia bila hodi."

Kanga alisogea mbele, manyoya yamesimama. Alitaka kujua mama yule alikosa nini. Nyati akasema hakukosa kitu. Kadiri walivyokasirika ndivyo sauti yake ilivyopanda, hadi machozi yakamlengalenga.

"Nyumba nimeijenga mwenyewe! Amekanyaga mkeka wangu kwa kwato zenye matope, na watu wakatazama, wakanyamaza!"

"Mama," Bi Pimbi aliuliza polepole, "unataka tufanye nini?"

"Atolewe! Leo hii, mvua hii hii, aende akaone baridi ilivyo!"

"Atoke!" alifoka Fisi, aliyekuwa amesahau kabisa yuko wapi. Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nje mvua ilizidi. Chwaa, chwaa.

Bi Pimbi aligonga mwamba, ko, ko, ko. "Sasa nimefika kwenye nyumba ile, nabisha. Bwana mkubwa, madai umeyasikia. Unajibu nini?"

Mtu mkubwa yule hakuwa na mchezaji. Kwa sheria, Nyati ndiye aliyepaswa kumjibia. Akafungua mdomo. Akatazama mbele yake kama alivyozoea, akakuta kwato zake mwenyewe.

Alizitazama, bado zina matope. Kisha akainuka, akatoka kinyumenyume ili pembe zisiwaguse watoto, akasimama mvuani.

Watoto wakaingia. Bi Pimbi akawakausha kwa kitenge chake, hasira bado haijamwisha.

"Bi Pimbi," Nyati aliita kutoka nje, kichwa chini. "Nikija tena kucheza, nikuite nani?"

"Umeshaniita kwa jina langu," alisema Bi Pimbi, akaliokota dadu. "Jikunyate hapo mlangoni. Haya, niambie, utakuwa nani?"

Na funzo ni hili, wanangu: anayepewa sauti za wote hupewa ili azisikie, si ili azizime.