Kwa Nini Kichaka cha Mlangoni Huchanua Kipupwe

Sogeeni karibu, na wenye usingizi wakalale sasa hivi, maana habari hii sirudii. Enzi ninazozisema, kipupwe cha milimani kwetu hakikuwa na ua hata moja. Vichaka vyote vilichanua masika, vikijishaua kwa rangi, na hata vile visivyopukutisha majani vilichanua pamoja na wenzao, bila harufu yoyote. Baridi ikiingia, ulibaki ukungu tu.

Na ukungu ule ulikuwa na mwiko wake. Mtu aliyenaswa humo haitwi kwa jina. Ilisemwa kwamba ukungu ukilisikia jina hujifunza kuliita, kisha humvuta mwenyewe hadi ukingoni mwa genge, aporomoke.

Subilaga, mke wa Ambakisye, aliujua mwiko huo tangu utotoni. Lakini asubuhi moja mumewe alitoka kumtafuta kondoo aliyepotea, ukungu ukashuka nyuma yake, na hadi adhuhuri hakuwa amerudi. Genge lilikuwa hatua mia mbili tu kutoka uani. Subilaga alisimama mlangoni, jina la mumewe likiwa kwenye ncha ya ulimi.

"Mkamwana, funga mdomo!" mama mkwe alimkemea. "Unataka kuniulia mwanangu?"

"Sasa nifanye nini, mama? Nikae nisubiri kuletewa maiti?"

"Washa moto uani. Akinusa moshi atajua nyumba iko wapi."

Kuni zote zilikuwa zimelowa kwa manyunyu ya siku nne. Kilichobaki ni kichaka kilichoota kando ya mlango, nacho kimelowa chapachapa. Subilaga akakomba makaa na majivu ya moto jikoni, akayarundika shinani ili kikauke, akasubiri na panga mkononi. Mara akasikia jiwe likiporomoka gengeni. Akashindwa kuvumilia, akainua panga akikate hivyo hivyo.

Hapo ndipo alipoona vitumba. Kwa joto lile mizizini, kichaka kilidhani baridi imekwisha, kikafungua maua upesi upesi. Jua la kuyapa rangi halikuwapo, basi yakatoka meupe, na nguvu yote ya rangi ikageuka harufu. Ukungu ukaibeba harufu ile chini chini.

Subilaga akashusha panga. Muda ukapita, mrefu mno, kisha kondoo akalia, na nyuma yake kikakohoa kifua anachokijua.

"Mguu mmoja ulishakuwa hewani," Ambakisye alisema. "Nikanusa kitu. Nikajua kinachonukia hivi hakioti kwenye mawe, nikageuka."

Subilaga alikaa chini palepale matopeni, akalia kwa sauti.

Na tangu siku hiyo kichaka kile huchanua kipupwe, maua meupe juu ya majani mabichi, na masika, wenzake wakijishaua, chenyewe hunyamaza. Huko kwetu kila anayejenga hukipanda mlangoni na kukiwekea majivu baridi ikianza. Asiyekuwa nacho hapewi mke, hata awe na ng'ombe wengi kiasi gani. Wazazi wa binti humuuliza swali moja tu: siku ya ukungu, utarudije?